"Place", "location", "site" au "venue"? Maneno ya Kiingereza yanayotupoteza tukitaja mahali

Chukua kitambulisho cha taifa cha kizazi cha pili, kile ambacho Wakenya wengi wamekibeba kwa miaka. Upande wa mbele kumeandikwa "place of issue". Kigeuze. Nyuma kuna "location" na "sub-location". Kamusi ndogo ya shuleni itakuambia kwamba "place" na "location" yote ni mahali tu, lakini kwenye kadi hiyo moja hayawezi kubadilishana nafasi hata kwa dawa.

Mkanganyiko huu hujitokeza kila msimu wa fomu. Kijana aliyezaliwa na kulelewa Umoja anaomba basari, anafika penye "Location", anaandika "nyuma ya soko la Mutindwa". Mwingine anaandika "Nairobi". Wa tatu anaandika jina la ploti ya nyumba za kupanga anayoishi. Wote wamejibu kwa nia njema swali ambalo hawakuulizwa, na kosa si lao peke yao, kwa sababu mwendesha boda aliyewaletea chakula jana usiku alisema "nitumie lokesheni" akimaanisha kitu kingine kabisa.

Wengi hudhani maneno haya yanatofautiana kwa ukubwa wa eneo, au kwa heshima: "place" la watu wa kawaida, "location" la maofisini, "venue" la kadi za harusi. Dhana hiyo ndiyo mzizi wa makosa mengi. Maneno haya yanatofautiana kwa swali linaloulizwa. Mtu mmoja ni abiria akiwa ndani ya matatu, mteja akiingia dukani, mgonjwa akifika kliniki na mpangaji mwenye nyumba anapobisha mlango mwisho wa mwezi. Mwili ni uleule, shughuli ndiyo imebadilika. Mahali nako ni hivyohivyo.

Tazama pembe ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, katikati ya jiji. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani uliokuwa hapo, na zaidi ya watu 200 wakafa. Siku hiyo waandishi wa habari waliotuma taarifa kwa Kiingereza walipaita "scene", kwa maana tukio lilikuwa bado bichi: moshi, waokoaji, watu wakitafuta jamaa zao. Leo hakuna anayepaita hivyo. Leo ni "the site of the former embassy", kwa kuwa "site" ni ardhi inayotambulika kwa kilichowahi kuwapo au kutukia juu yake, au kwa kinachokusudiwa kujengwa. Kila Agosti watu wanapokusanyika hapo kuwakumbuka marehemu, kwa saa hizo chache bustani ya kumbukumbu iliyopo hapo sasa inakuwa "venue", yaani mahali palipotengewa shughuli. Akikuuliza mgeni pako wapi hasa, ukamjibu ni karibu na stesheni ya reli, umempa "location". Na mama aliyempoteza mwanawe pale huenda asitumie lolote kati ya hayo. Kwake ni "the place", basi.

Kwa hiyo "place" ndilo neno pana kuliko yote, na ukiwa na shaka litumie, halitakuaibisha. "Location" linauliza pako wapi ukilinganisha na vingine. "Site" linauliza ardhi hii ina kazi gani au historia gani. "Venue" linauliza tunakutana wapi. Uwanja wa Talanta, kando ya Ngong Road, ulipoanza kujengwa mwaka 2024 ulikuwa "site" kwa kila aliyeingia na kofia ngumu kichwani. Mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya inaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, ndizo zinazoufanya uitwe "venue". Hakuna jengo ambalo ni "venue" kwa kuzaliwa. KICC, jumba la mikutano la Nairobi lililofunguliwa 1973, ni "venue" kwa anayeandaa kongamano. Kwa karani mwenye dawati lake humo, ni kazini.

Ndiyo maana tangazo linalosema "the venue of our shop" huchekesha msikilizaji wa Kiingereza hata kama anaelewa. Duka halina "venue". Lina "location". Harusi, mkutano, mtihani, mechi na hafla ya harambee ndivyo vyenye "venue".

Lokesheni ya chifu na lokesheni ya simu

Sasa tuingie palipo na miiba. Katika Kiingereza cha London au Chicago, "location" ni neno la kawaida lisilo na mwenyewe. Nchini Kenya lina mwenyewe: chifu.

Serikali ya wakoloni ilianza kuwaweka machifu na wazee wa vijiji kisheria mwaka 1902, na eneo la chifu likaja kuitwa "location". Jijini Nairobi neno hilo lilibeba maana nyingine nzito zaidi. "Native location" ilikuwa sehemu ambayo Mwafrika aliruhusiwa kuishi. Pumwani ilianzishwa hivyo mapema miaka ya 1920. Ubaguzi huo wa makazi uliondoka pamoja na sheria zake, lakini utawala wa machifu ukabaki, na neno likabaki nao.

Leo lokesheni, au kata kama vitabu vyetu vya shule vilivyoiita, ni ngazi ya utawala wa serikali ya kitaifa. Katika kaunti, juu kuna kamishna wa kaunti, chini yake naibu kamishna katika kaunti ndogo, kisha msaidizi wake katika tarafa, halafu chifu katika lokesheni, na naibu wa chifu katika lokesheni ndogo. Hawa hawachaguliwi, huajiriwa. Fomu ya serikali inapouliza "location" inataka jina la eneo la chifu wako, na "sub-location" inataka la naibu wake. Usipolijua, ofisi ya chifu ndiyo yenye jibu. Mzee wa mtaa pia hujua, na mara nyingi hujua haraka kuliko ofisi.

Wadi nayo haimo kwenye ngazi hiyo. Wadi imo kwenye ngazi ya uchaguzi, ile yenye mwakilishi wadi, mbunge na gavana. Kaunti ya Nairobi ina maeneobunge 17 na wadi 85, na mipaka yake huchorwa na tume ya uchaguzi, IEBC. Mipaka ya lokesheni huamuliwa na wizara inayosimamia utawala wa ndani. Kwa kuwa wachoraji ni wawili na sababu zao ni mbili, mistari yao hailazimiki kukutana, hata pale jina la wadi na la lokesheni linapokuwa moja. Anayejaza jina la wadi kwenye nafasi ya "location" akidhani ni kitu kimoja anaweza kubahatika au kukosea, kutegemea mtaa. Wasomaji wa ng'ambo ya Namanga wawe waangalifu zaidi, kwa sababu kata ya Tanzania, yenye diwani wake, inafanana na wadi yetu na si lokesheni yetu.

Lokesheni ya simu haihusiani na haya yote. Dereva wa teksi anayesema "tuma lokesheni" anataka nukta kwenye ramani, ile ambayo siku hizi watu wengi huiita pini. Hilo ndilo "location" la Kiingereza cha kawaida, lililotufikia upya kupitia simu na kulikuta lile la chifu likiwa limekaa karne nzima. Yote mawili ni sahihi. Fomu ya basari ni ya chifu, pizza ni ya pini.

Jina la mtaa si mpaka wa mtaa

Mzigo mwingine ni majina yenyewe. Dandora iko Embakasi Kaskazini, ingawa kutoka huko hadi Embakasi yenyewe, ile ya karibu na uwanja wa ndege, ni safari. Sababu ni kwamba eneobunge la zamani la Embakasi lilikuwa kubwa mno, likagawanywa vipande vitano kabla ya uchaguzi wa 2013, na kila kipande kikabaki na jina la mzazi. Kangemi iko ndani ya eneobunge la Westlands, jambo linalomfanya mkazi wake awe na haki kamili ya kusema anatoka Westlands, ingawa rafiki zake watamkodolea macho. South B na South C hutajwa pamoja kama mapacha, lakini South C ni wadi ya Lang'ata, na South B imo Starehe. Na Eastlands, sehemu inayotajwa katika kila gumzo la Nairobi, haina wadi, haina eneobunge, haina kaunti ndogo inayoitwa kwa jina hilo. Ni "area", neno linalofaa pale mipaka isipojulikana au isipokuwa na umuhimu.

Lakini hata "area" lina hila zake. Magazeti yetu ya Kiingereza huandika "area chief" na "area MP" kumaanisha chifu au mbunge wa pale panapozungumziwa, matumizi ambayo mgeni huyashangaa kidogo. Dandora wamelifanya jina rasmi: wadi zake nne ni Dandora Area I hadi Area IV, huku wenyeji wakisema Phase 4 na kuendelea na maisha. Mtaa huohuo ulitokana na mradi wa miaka ya 1970 ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wa mtindo ulioitwa "site and service": mtu anapewa kiwanja chenye maji, choo na mfereji wa majitaka, nyumba anajijengea mwenyewe. Hapo "site" ilikuwa ardhi inayongoja nyumba.

"Estate" ni neno lililo salama Nairobi na hatari kwingine. Hapa ni mtaa wa nyumba zilizopangwa, kama Buruburu au Kaloleni, na Uingereza pia wana maana hiyo. Ila katika matangazo ya mirathi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, "the estate of" fulani ni mali aliyoiacha marehemu, na humo haishi mtu. Ploti nayo: kwa Mwingereza "plot" ni kipande cha ardhi, mara nyingi kitupu. Ukimwandikia barua kwamba unaishi "in a plot" atakuhurumia. Mwandikie "a block of rental flats", au "rental rooms" kama ni vyumba vya safu moja. Na "stage" kwake ni jukwaa la wanamuziki, kwa hiyo mwelekeze "bus stop".

Je, sisi tunakosea? Sioni hivyo. Kiingereza cha Kenya ni Kiingereza, na anayemwandikia Mkenya mwenzake hana sababu ya kuficha steji yake. Msomaji wako ndiye atakayekuamulia.

"Station" na "centre"

Hapa kuna jozi moja inayostahili uangalifu kuliko zote, hasa tukielekea uchaguzi wa 2027. Shule ya msingi unakopigia kura ni "polling centre". Chumba au foleni yako ndani ya shule hiyo, yenye masanduku yake, daftari lake na msimamizi wake, ndiyo "polling station". Sheria ya Kenya inasema kituo kimoja cha aina hii ya pili kisizidi wapigakura 700 walioandikishwa. Shule yenye wapigakura 3,000 basi itakuwa na vituo visivyopungua vitano, vyote vikiwa na jina la shule hiyo na nambari tofauti.

Kiswahili chetu kinasema kituo kwa vyote viwili, na ndiyo maana uvumi hupata njia. Mtu anaona fomu mbili za 34A, zile za matokeo ya kura za urais, zenye jina la shule moja na hesabu tofauti, anapiga kelele kwamba kura zimeibwa. Huenda zimeibwa, huenda hazijaibwa, lakini fomu mbili zenyewe si ushahidi, kwa sababu kila "station" hujaza fomu yake. Mwaka 2022 vituo hivyo vilikuwa 46,229 kote nchini na ng'ambo. Kabla ya kusambaza picha, soma nambari ya kituo iliyo karibu na jina.

Neno lisilo na umoja

"Premises" ni majengo na ardhi yake, hasa ya biashara au ofisi, na hutamkwa hivyo daima, likiwa na s mwishoni, hata jengo likiwa kibanda kimoja. Vibao vya "no hawking in this premise" vimejaa mjini. "Premise" bila s ni hoja ambayo mtu anaanzia kujenga mjadala wake, na hakuna anayeweza kuuza karanga ndani ya hoja. Neno lilitoka kwenye hati za kisheria, ambamo "the premises" ilikuwa na maana ya hayo yaliyokwisha kutajwa hapo juu, na kwa kuwa kilichotajwa juu mara nyingi kilikuwa nyumba na kiwanja, watu wakaishia kuita nyumba hivyo.

"Spot" ni mahali padogo penye sababu ya kupendwa au kukumbukwa: pa kuegesha gari, pa kula nyama choma. "Position" ni jinsi kitu kilivyokaa kuhusiana na vingine, na ofisini ni cheo. Zaidi ya hapo hayasumbui.

Kiambishi kimoja, vihusishi vinne

Maneno mengi tunayoyakosea kwa Kiingereza si hata majina ya mahali, ni yale madogo yanayotangulia: "in", "at", "on". Chanzo kinajulikana. Kiswahili huweka -ni mwishoni na kazi imeisha. Niko sokoni, natoka sokoni, naenda sokoni: -ni ni ileile, kitenzi ndicho kinachobeba tofauti. Kiingereza hakina huruma hiyo.

Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakitofautishi, na walimu wanaosema hivyo wanatunyima silaha tuliyo nayo tayari. Tuna hapa, huku na humu. Tuna nyumbani pangu, nyumbani kwangu na nyumbani mwangu. Pa- ni mahali mahsusi, ku- ni upande au eneo lisilobainishwa, mu- ni ndani. Basi tumia sikio lako: ukihisi humu au mwangu, Kiingereza mara nyingi kitataka "in". Ukihisi hapa au pale, kama nukta ambayo watu hukutania, kitataka "at". Tukutane pale Kencom ni "at Kencom", ile steji. Ofisi imo ndani ya jengo, ni "in Kencom House". Kwa "on" hakuna msaada wa moja kwa moja. Hilo ni la juu ya kitu au kwenye mstari wa kitu, kama barabara, kwa hiyo duka liko "on Moi Avenue".

Miji, mitaa na nchi huchukua "in" hata kama moyo unasema huku: "in Nairobi", "in Umoja". "At Nairobi" husikika kana kwamba jiji zima ni kituo cha kupitia. Kufika kunafuata mkondo huohuo, "arrive in Nairobi" lakini "arrive at the airport", na kamwe si "arrive to", ambalo tunalisikia kwa sababu kichwani tunafasiri kwenda.

Kuna pengo moja linaloweza kukuletea shida kazini. "I am in hospital" kwa Kiingereza tulichorithi kwa Waingereza ni kusema umelazwa. Kama umempeleka mtoto kliniki na utarudi saa sita, mwandikie msimamizi wako "I am at the hospital", la sivyo wenzako watachanga pesa za maua. Mfungwa yuko "in prison", na wakili aliyekwenda kumwona yuko "at the prison". Kuhusu matatu, kanuni inasema vyombo unavyoweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on", kama basi na treni, na vidogo huchukua "in", kama teksi. Matatu ya viti 14 inakulazimisha kuinama, ya viti 33 inakuruhusu kusimama hata sheria inapokataza. Andika upendavyo.

Ukifika kwenye kuandika anwani, tenganisha mambo mawili. "Postal address" ni sanduku la posta, nambari, na msimbo: 00100 ni wa posta kuu ya GPO, 00200 wa City Square. Haisemi unaishi wapi. Mtu wa Rongai, ambayo iko Kaunti ya Kajiado, anaweza kuwa na sanduku la City Square maisha yake yote. "Physical address" ni jengo, ghorofa, barabara na mtaa, na hapo ndipo "nyuma ya soko la Mutindwa" ina nafasi yake, baada ya jina la barabara.

Matangazo ya nyumba na ardhi yana kihusishi chao, "off". "Off Thika Road" kingepaswa kuwa mchepuko mfupi kutoka barabara kuu, lakini kwa madalali hakina kikomo cha kilomita. "Nairobi" yao pia hunyooka. Githurai 44 iko Nairobi na Githurai 45 iko Kiambu, na majina hayo yalitokana na nambari za matatu, si na mpaka wowote. Kaunti ndiyo itakayokutoza kodi ya ardhi, ile ya "land rates", na kukupa kibali cha biashara, kwa hiyo kabla ya kulipa amana muulize dalali kaunti na wadi, kisha akutumie pini uende mwenyewe kwa matatu, saa ya msongamano.